Dakika Saba Nilizokunyima

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumatatu, tarehe 28 Februari.

Mpendwa mdogo wangu Kisigino,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na huyo binti yenu aliyeota meno mawili kwenye picha, bado ni mawili au sasa anauma watu? Najua wewe ni muuguzi mwenye cheti na huko hospitalini wanakuita kwa heshima, lakini mtu aliyelala nawe kitanda kimoja miaka saba akipigwa mateke ya mbavu ana haki ya kukuita Kisigino mpaka kufa kwake.

Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Shemeji yako kikohozi kimemwacha, amerudi karakana, na jioni anaingia ndani akinuka vanishi kama kabati jipya. Mimi nala, nalala, naenda kazini. Ukiniuliza habari zangu nitakuambia nzuri.

Sasa nikupe lililonikalisha hapa, kabla sijapata pa kulikwepea. Siku ile tulipomzika Baba, haukuwa mtandao. Nilikuwa mimi.

Unakumbuka mipaka ilivyokuwa imefungwa, wewe umekwama na wagonjwa wako, na sisi tumeruhusiwa watu kumi tu makaburini. Bendi ya Baba ilizuiwa getini. Basi Taratibu, kiongozi wao, akawapanga wenzake nje ya ukuta, kila mmoja hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, wakampigia Baba ule wimbo wa polepole ambao tarumbeta yake ndiyo iliyokuwa inaubeba. Waliupiga bila tarumbeta. Dakika saba. Mimi nilikuwa nimeshika simu juu ili nawe usikie. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, vuu, vuu, nami kwa mazoea ya kazi nikabonyeza kitufe cha kufunga sauti. Nilijiambia, wakianza tu, nafungua. Wakaanza. Sikufungua. Fundi sauti mzima, miaka kumi na tisa kwenye mitambo, nimesimama pale nikisikiliza, na simu mkononi imezibwa.

Niligundua tulipokuwa tunapanda gari. Ulipoandika kwamba hukusikia chochote nikakujibu, mtandao huo. Ukasema haidhuru, dada. Laiti ungenigombeza. Nilirudi nyumbani, nikafua barakoa zote za watu kumi, nikazianika kwa mstari. Hicho ndicho nilichofanya siku ya kumzika baba yetu.

Utauliza kwa nini nisikupigie tu. Kwenye simu ungesema tena haidhuru, upesi upesi kama kawaida yako, nami ningelipokea hilo neno nikaenda nalo zangu. Karatasi hainikatizi.

Tangu hapo niko hivi nilivyo. Si huzuni, kwa hiyo usianze kunitumia ushauri wa wodini. Ni ganzi. Ni kama mdomo unapotoka kwa daktari wa meno: unajua ni wako, lakini ukiung'ata huhisi kitu. Kumbi zilipoanza kufunguliwa nilidhani ndiyo dawa. Nikaenda onyesho la kwanza, lile la uwanjani, watu wametoka kama kuku waliofunguliwa banda, wanakumbatiana, wanapiga kelele kabla hata ya wimbo kuanza. Mama mmoja jirani yangu alilia machozi mpaka shanga zikalowa. Mimi nilichosikia ni kwamba spika ya kushoto inakoroma na wanahitaji kubadilisha waya.

Basi Jumamosi iliyopita, mchana, ule ukumbi mkubwa wa maonyesho ulifunguliwa: picha ukutani, na bendi ya Baba katikati. Mitambo yangu. Mama alikataa kuja, halafu akakataa kuachwa. Tangu msiba hajatoka ila kwenda zahanati au sokoni, kwa hiyo nilimfungia viatu nikanyamaza, nisije nikaharibu.

Pale sakafuni walikuwa wamebandua yale maduara ya kumwonyesha mtu asimame wapi, lakini gundi imebaki. Utacheka. Watu wameruhusiwa kukaa watakavyo, na bado, bila mtu kuwaambia, kila mmoja anakwenda kusimama juu ya duara lake. Nilisimama na mimi.

Mchoraji ni mwanamke mfupi mwenye macho makali. Miezi yote ya kufungiwa alichora mikono ya majirani zake, vile alivyoiona kupitia dirisha lake. Mkono unashusha kikapu kwa kamba. Mkono umebandikwa kiooni. Mkono unaanika shuka moja, mwingine unasugua sabuni mpaka vidole vimekunjamana. Mama alizikagua zote, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Kwenye moja akasimama akasema kwa sauti, "Huyu mwenye kucha hizi, hana ndugu wa kumwambia azikate?" Mchoraji alikuwa nyuma yake. Akasema, "Ni zangu, mama." Mama hakugeuka hata shingo. "Basi leo umeambiwa." Wakapatana hapo hapo, wakazunguka pamoja ukumbi mzima wakisengenya majirani.

Mimi nilizitazama zote arobaini na mbili. Naweza kukuambia kwamba ya kumi na nane ilikuwa imening'inia upande. Zaidi ya hilo sina la kukusimulia, nisamehe, na najua wewe ungesimama mbele ya kila moja dakika kumi.

Sasa sikia. Unajua desturi ya bendi yao: mwenzao akifa, onyesho la kwanza kiti chake kinawekwa mahali pake, na maiki yake inasimamishwa na kuungwa waya kama kawaida, ila imefungwa. Sehemu yake haipigwi na mtu mwingine. Wanaiacha wazi, wanaendelea kupiga chini yake mpaka iishe. Baba mwenyewe alimwachia marehemu mpiga ngoma nafasi hivyo. Hili lilikuwa lao la kwanza tangu msiba, kwa hiyo niliunga kila kitu. Baba njia namba nne kwenye mtambo, kama miaka yote, na nikaifunga kwa mkono wangu, na nikaikagua mara mbili.

Viti vya watazamaji vilijaa mapema. Mama magoti yakamkataza kusimama. Alitazama huku, akatazama kule, akapanda jukwaani, akakaa kwenye kiti cha Baba. Taratibu angemzuiaje? Mama ameombea ruhusa kitu gani tangu tumjue? Alipakata mkoba wake, akatulia, na bendi ikaanza huku yeye yuko katikati yao kama mwajiriwa mpya.

Nyimbo tatu zikapita salama. Wa nne ukawa ule wa polepole. Mdogo wangu, mazoea yana taabu. Ubeti wa pili ulipofika mwisho, pale ambapo kwa miaka kumi na tisa nampandishia Baba sauti, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilifungua namba nne nikaipandisha mpaka juu. Nimemfungulia maiki mtu aliyekufa.

Na maiki ilikuwa mbele ya Mama, na Mama alikuwa anaimba. Midomo imefumbwa, puani tu, hana habari. Ile sehemu ya tarumbeta aliisikia Baba akiifanyia mazoezi chooni, jikoni, kwenye ngazi, maisha yao yote ya ndoa, na anaijua kuliko Taratibu. Sauti yake ikajaa ukumbi. Yeye mwenyewe ikamkera! Aligeuka huku na huku na uso wa ugomvi, akitafuta ni nani huyo anayewaharibia watu muziki, na kila alivyotafuta aliendelea kuimba. Watu wa mbele wakaanza kucheka. Halafu akaiona ile maiki. Akanitazama mimi kule nyuma, mbali kote kule, jicho lile unalolijua.

Ningeweza kuifunga. Kidole kilikuwa juu yake, na kufunga ndiyo kazi yangu. Taratibu akanitikisia kichwa niiache. Mama akavuta maiki karibu, kama mtu anavyovuta sahani yake, akaimba mpaka mwisho. Hata pale Baba alipokuwa anakatika pumzi mapema, ambapo Taratibu amempigia kelele miaka nenda miaka rudi, na yeye akakatika palepale.

Watu walisimama. Mchoraji alikuwa analia amejifunika uso kwa hizo kucha zake. Mimi sikulia, nisikudanganye, nimechoka kukudanganya. Ila wimbo niliusikia. Sikusikia spika wala waya, nilisikia wimbo, kwa mara ya kwanza tangu makaburini. Na papo hapo nikakukumbuka wewe na simu yako sikioni, umesimama sijui kwenye korido gani na gauni la plastiki, unasubiri. Nikaona aibu. Aibu kali, mpaka masikio yakawaka moto. Baada ya muda wote huu wa kutohisi kitu, nimeanza na hiyo.

Tukiwa tunarudi nyumbani nilimwambia Mama yote, kitufe na upepo na uongo wa mtandao. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia anipige kwa mkoba. Akasema, "Na mwenzako anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi mwandikie. Mimi si posta." Kisha akaanza kulalamika kwamba nilimpa sauti ndogo kule ukumbini, kwamba Baba alikuwa anasema kweli kuwa mimi nawabania watu. Amelalamika hivyo tangu Jumamosi. Asubuhi hii alikuwa anaimba jikoni.

Sikuandikii ili nifute lililofanyika. Maji yakimwagika hayazoleki. Wewe ulimlea Baba kwa simu kila jioni mpaka alipolazwa, ulistahili kumsindikiza, na mimi niliyekuwa na kazi moja tu siku ile ndiye niliyekuzuia. Kisha nikakuacha miaka karibu miwili ukiulaumu mtandao. Nisamehe. Ukihitaji muda wa kukasirika, uchukue wote.

Shemeji yako anakusalimu, anasema kiti cha mtoto amekimaliza ila hajui atakitumaje. Shangazi naye anakusalimu, anauliza kama huko mnakula vizuri, na jibu hataliamini. Taratibu anakupa pole yake upya. Mama anasema uvae soksi. Mbusu binti yenu mashavu yote mawili kwa niaba yangu, mwambie wifi namkumbuka. Mungu awalinde mkiingia na mkitoka, na awape usingizi wa kutosha baada ya zamu za usiku.

Jambo la mwisho. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao bendi itapiga tena palepale ukumbini, saa kumi jioni za huku, na barua hii itakuwa imeshakufikia. Nimemwomba Taratibu waupige ule wimbo kama walivyoupiga nje ya ukuta siku ile, bila tarumbeta, tangu mwanzo hadi mwisho. Amekubali, na hakuuliza kwa nini. Nitakupigia kabla hawajaanza. Simu ataishika Mama. Amenikataza nisiiguse, anasema vidole vyangu havina adabu. Kama hutaki, usipokee, tutaiacha iite mpaka ikatike yenyewe, na sitakuuliza. Lakini ukipokea, nitukane kwanza, tutakuwa tumepiga mapema ili muda uwepo. Ukimaliza, tutanyamaza wote, usikilize.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,

Dada.