Kwa Royce, Kuhusu Mguu wa Teague

Barabara ya Kinu cha Pamba,
Tarrow, Texas.
Jumapili, 9 Novemba 1986

Mpendwa mwanangu Royce,

Pokea salamu zangu nyingi. U mzima? Kifua kimepoa? Huko kwenye barafu na mabomba ya mafuta wanakupa chakula cha moto au mnakula makopo tu? Ile sweta niliyokufumia uivae, sikuifuma ipambe sanduku. Sisi hatujambo. Goti langu linatabiri mvua na mvua haiji. Ng'ombe wazima, ila yule mwekundu kavunja tena ua wa jirani yetu Hollis, na Hollis kanuna.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Karatasi haikatizwi. Kaa kitako usome.

Mwezi uliopita ulimpigia mwanao Teague ukamwambia kwamba hatakuwa mlango wa wenzake kupitia. Nilikuwa nakaanga viazi. Maneno yako sikuyasikia, niliyasoma usoni kwake. Ukamwambia utamhamishia Amarillo kwa dada yako Corliss, kwenye shule kubwa, akacheze taiti endi peke yake na kurushiwa mpira yeye. Wewe uko mwisho wa dunia, Royce. Nani alikuambia mambo ya timu yetu ya shule, ya futiboli hii ya Kimarekani?

Nikueleze. Hadi Septemba tulikuwa na taiti endi mmoja, naye ni Teague: anasimama mwisho wa mstari wa mibonge, wale wazito wa kusukumana, mara azuie, mara adake. Wengine tuliwatawanya pembeni kabisa, tukarusha mpira kama watu wenye vijana wa mbio. Hatuna vijana wa mbio. Tuna vijana waliokulia kwenye marobota ya nyasi. Tukapigwa mpaka watu wakaanza kumpa Kocha Hadnot kisogo dukani. Ndipo akamtoa mkimbiaji mmoja wa pembeni, akamweka Abel Quintanilla kuwa taiti endi wa pili.

Umeswaga ng'ombe na mbwa mmoja wewe. Wote wanamgeukia, wanamtolea pembe. Walete mbwa wawili, ng'ombe hawajui pa kutazama. Basi ndivyo. Taiti endi mmoja akisimama kulia, wapinzani wanahisi tutapita kulia. Weka mmoja huku na mmoja kule, hawahisi kitu. Waweke wote upande mmoja, wapinzani wanasogeza mibonge yao karibu wakidhani tutapita kwa nguvu, halafu mmoja wetu anachomoka nyuma yao, hana mtu. Anayechomoka mara nyingi ni Abel, ana mikono mizuri. Anayebaki kusukumana ni Teague, ana mabega yako. Tukaanza kushinda. Hata mchungaji akafupisha mahubiri.

Ila kuna jambo. Wakiwa upande mmoja, Abel ndani na Teague nje, Teague lazima asimame hatua moja nyuma ya mstari. Akisogea akawa sawa na Abel, amemfunika, na Abel aliyefunikwa haruhusiwi kudaka. Ndiyo sheria, usiniulize nani aliitunga.

Sasa sikia. Ijumaa ya mwisho ya Oktoba tulikuwa nyuma na muda unaisha. Abel akachomoka, akadaka, akavuka mstari wa mwisho. Mji mzima tuko juu ya mabenchi. Refa akatupa kitambaa cha njano kwenye nyasi, yaani kuna kosa. Abel amefunikwa. Alama zikafutwa, tukashindwa.

Jumapili yake kanisani wakanong'ona kwamba Teague kafanya makusudi, kwa wivu. Nikawajia juu. Nilimwambia Verna Bettis pale kwenye kahawa kwamba ukoo wangu una wajinga lakini hauna wachafu. Tena Abel mwenyewe alishamwambia kocha kwamba ni yeye aliyemwashiria Teague asogee. Nikarudi nyumbani kichwa juu.

Teague hakugusa mkate wa mahindi. Nikamwuliza ana nini.

"Abel hakuniashiria kitu, Bibi," akasema. "Nilisogea mwenyewe. Nilikuwa namsikia baba."

Nilikaa, Royce. Mimi sikai mchana.

Sikumpiga, amekuwa mkubwa kuliko jokofu. Nilimwambia achukue kofia yake, nikaendesha gari mwenyewe hadi kwa akina Quintanilla. Ofelia, mama yake Abel, alifungua mlango ana unga mikononi. Hakutukaribisha, hakutufukuza. Abel akatoka barazani. Teague akasema lake huku anaangalia viatu.

"Najua, bwege we," Abel akamjibu. "Niliuona mguu wako."

"Sasa mbona ulijitwika?"

"Ningesema, kocha angekutoa. Ukitoka wewe, wote wananigeukia mimi. Unataka nivunjwe?"

Hapakuwa na kukumbatiana. Ofelia akatuambia kwa ukali kwamba mwanawe alizililia zile alama, tusidhani yamekwisha. Halafu akatufungia tamale, ile mikate yao ya mahindi yenye nyama ndani, kwenye karatasi, na mimi nikazipokea kwa mikono miwili, jambo ambalo hujawahi kuliona.

Jumatatu Teague akaenda kwa kocha kwa miguu yake. Kocha akamweka benchi nusu nzima ya mchezo wa juzi na Dorrance, ule wa kuamua nani anasonga mbele. Nusu hiyo Abel alikuwa peke yake, nao wakamwangukia watu wawili watatu kila mara. Alitema damu kwenye nyasi, mama yake akageuza uso. Kipindi cha pili Teague akaingia. Wakamzomea, tena watu wetu wenyewe. Niligeuka nikawatazama mmoja mmoja. Nawajua wote.

Mwisho ikawa vilevile. Tuko nyuma, umebaki mpira mmoja wa kucheza, Abel na Teague upande mmoja. Hakuna aliyetazama mpira. Walitazama mguu wa mwanao. Akamgeukia refa wa pembeni kuuliza kama yuko nyuma vya kutosha, refa akamwashiria yuko sawa. Hakuridhika, akamwuliza na Abel. Abel akamjibu kitu wakacheka, wajinga wale.

Mpira ukachezwa. Teague akalibeba bonge lao akalipeleka. Abel akachomoka, hana mtu. Mpira ukamfikia mikononi, ukamponyoka.

Tumeshindwa, Royce. Msimu umekwisha. Abel alilala kifudifudi, Teague akakaa kando yake mpaka wakaanza kuzima taa. Mimi nilikuwa nakagua nyasi. Hapakuwa na kitambaa.

Usilete karatasi za Amarillo. Kijana amesema haendi, na mwakani anataka kusimama palepale. Ukipiga simu usimwulize amedaka mara ngapi. Mwulize habari za Abel. Tangu juzi hajatoka chumbani, na sasa hivi ninavyoandika Teague yuko kwao anamgongea dirisha.

Mjomba Estel anakusalimu, meno mapya yamemkataa. Corliss nitamwandikia mwenyewe, asiandae kitanda. Hollis hakusalimu, nimeshakwambia kanuna. Mungu akukinge na baridi, na akukinge na mdomo wako.

Mama yako, anayekupenda na kukukasirikia kwa pamoja,
Oleta Skaggs