Pua ya Mama

Konstantini, Ijumaa baada ya sala

Dada yangu mpenzi Najet,

Salamu nyingi zikufikie kutoka kwetu sote. Tumbo linaendeleaje? Shemeji Mourad bado anakukataza kupanda ngazi? Sisi hapa ni wazima, ndivyo tunavyowaambia watu. Ukweli ni kwamba mimi usingizi sipati, na kwenye simu siwezi kusema kitu kwa kuwa Mama yuko karibu kila saa. Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako.

Falsafa itaniua, dada. Mwalimu Zerdoumi ametupa insha juu ya milango ya fahamu: je, tunachokihisi ndicho kilichopo? Anaikusanya Jumapili. Mimi, kama wenzangu wote wa mtihani wa bakaloria, niliandika rasimu yenye mifano ya kukariri, fimbo inayoonekana imevunjika majini, na mnara wa pembe nne unaoonekana wa mviringo kwa mbali. Aliipiga yote mistari myekundu, akaniuliza mbele ya watu kama huo mnara nimeuona mimi au nimeazima macho ya jirani. Darasa zima likanicheka. Akasema nisipoleta mfano wa nyumbani kwetu nitapata sifuri, nawe unajua sisi wa mkondo wa fasihi, falsafa ndiyo inayotubeba. Nilihangaika, dada. Nilibonyeza macho mpaka nikaona nyota, mfano sikupata.

Basi waridi likaingia sokoni, Mama akatoa chungu chake cha shaba, akaanza kukeneka maji ya waridi kwa mvuke. Majirani wakaleta chupa zao kama kila mwaka, awanusie yapi ni maji ya mwanzo na yapi ya pili. Safari hii aliwaambia waziache, atanusa nyumba ikitulia. Mimi sikuona ajabu.

Nikapata wazo. Nilijaza maji ya bomba kwenye chupa ya maji ya mwanzo, nikamwomba anuse. Alifumba macho, akasema, “Haya ndiyo yenyewe, waridi la mashamba ya Hamma!” Nilitaka kupiga vigelegele. Mfano ule pale, pua inanusa inachokitarajia! Nikataka wa pili wa kunogesha, nikamimina siki. Akavuta pumzi ndefu, akatabasamu, akasema hayo ni ya pili lakini safi.

Nilimwambia ni siki. Akakaa chini palepale, akaniambia nifunge mlango.

Dada, tangu ile homa ya majira ya baridi Mama hanusi chochote. Si kahawa, si sabuni, si mkate unaoungua. Chupa za majirani anazibahatisha kwa kuangalia uso wa mwenyewe anapokuja kuzichukua. Na ile siku Bi Zulikha wa ghorofa ya chini alipogonga mlango kama mwendawazimu kwa ajili ya gesi, nasi tukamtania Mama kwamba amezeeka, anasahau majiko? Hakusahau. Alikuwa jikoni humohumo akichambua maua, gesi inavuja, na hajui.

Aliniapisha nisikuambie. Anaogopa hutamwita tena akulee siku zako arobaini, na kwa mjukuu wa kwanza anasema hiyo ni haki yake. Kiapo nimekivunja, Mungu anisamehe. Nakuomba usimkatalie kuja. Ila usimwache peke yake na jiko hata kidogo, wala asijue kwamba unajua.

Insha yangu bado ni karatasi tupu. Mwalimu huwasomea wenzetu insha nzuri kwa sauti, na binti wa Bi Zulikha ni wa darasa letu. Acha nipate sifuri. Nimekula na Mama majira yote ya baridi, nikamsikia akisema chakula kinanukia vizuri, nikaamini. Hata hilo siwezi kuliandika kwenye insha, naona aibu na ninalia.

Jana nilimkuta ameiweka puani ile kofia uliyomfumia mtoto. Akaniuliza nimweleze watoto wachanga wananukiaje, maana alikuwa anajua, na sasa anaanza kusahau.

Msalimie sana Shemeji Mourad na mama mkwe wako. Na mtoto akizaliwa, ukimwona Mama amemwinamia shingoni, usingoje akuulize. Sema tu ananukiaje, kwa sauti, kama unayejisemea mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Wassila