Siku Tisa za Kijani

Bi Mwanakhamis, shikamoo. Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Uliponinasihi juu ya mama mkwe mambo yalitengemaa, nikasahau kushukuru, na leo narudi na haja nyingine.

Mume wangu, Nassor, yuko Maskati. Baada ya wiki tatu anakuja kwa siku kumi na mbili tu, na mwanawe wa miezi minane hajapata kumpakata, nami nimewakataza watu wasilikate fenesi la nyuma ya jiko, ni lake, na sauti anazonitumia simuni nazirudia hata nimezihifadhi moyoni, lakini nilijifungua kwa kupasuliwa, mara ya pili, na daktari alinionya nisibebe mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili, na hilo sijamwambia Nassor, kwa kuwa kila akipiga husema, "Mama watoto, safari hii tumtafute wa tatu," nami hucheka, na tukishaagana hulia.

Kituo cha afya naona haya kwenda kuomba kinga ya mimba, muuguzi ni shangazi yake Nassor. Wifi yangu Safaa akanitilia simuni programu ya kuhesabu siku za hatari: "Wifi, hii inamshinda mkunga! Siku nyekundu mkimbie, za kijani jinafasi." Ikaniuliza siku zangu. Ninazozijua kwa yakini ni saba za Ramadhani, nilizoziandika ili nizilipe saumu. Tangu hapo huingia mwezini bila ya mpango, kwa kuwa nanyonyesha. Nikaijaza hizo. Ikanipa siku tisa za kijani katika kumi na mbili za Nassor. Kila nikimlaza mtoto huzifungua nikazitazama. Je, niziamini? Nikishaamua nitakuandikia.

Mwenye hamu, kijijini Ole

*

Marahaba, mwanangu. Shukrani zimefika.

Hamu yako haina kosa. Ni mumeo wa halali. Kosa ni hesabu. Siku zile uliziandika kwa ajili ya saumu, nazo hazitoshi kukukinga na mimba. Umeipa simu mwezi mmoja, ikakubunia mingine yote. Haikuoni, inakadiria. Wapo wanawake ambao siku zao haziyumbi, wanaopima joto la mwili kila alfajiri kabla ya kuinuka kitandani, na bado baadhi yao hushika mimba. Wewe unanyonyesha, siku zako hazitabiriki, halafu unataka kijani? Na huyo Safaa anayewashinda wakunga, yeye ana kovu?

Nenda ukapate ushauri wiki hii. Ukimwonea haya shangazi, panda gari uende Chake Chake. Sema kwamba unanyonyesha na umepasuliwa mara mbili. Zipo njia zisizokausha maziwa: kijiti, kitanzi, kondomu, wataalamu watachagua pamoja nawe.

Hayo ni mepesi. Zito ni kwamba unapanga siku tisa na mtu ambaye humwambii kuwa mimba inaweza kukuhatarishia maisha. Anamtaka wa tatu kwa sababu hajui. Umezirudia sauti zake vya kutosha. Leo mtumie yako. Usingoje mpaka mketi mbele ya fenesi.

Umeahidi kuniandikia ukishaamua. Niandikie, lakini mimi niwe wa pili kujua.