Udongo Niliokufungia Kitambaani

Mama yangu mpendwa,

Ugonile, juba, nakuamkia kwa lugha ya kwetu. Naomba barua hii ikukute umekaa mkekani, si umeinama juu ya chungu. Kama umeinama, nyooka kidogo upumzishe mgongo, maana leo maneno ni mengi. Goti la kushoto linaendeleaje? Zile kuni za kuchomea vyungu bado unazibeba mwenyewe, au umekubali kusaidiwa? Sisi huku ni wazima. Subilaga, mkweo, anakusalimu sana. Amenenepa. Amenikataza nisiliandike hilo, lakini wino umeshakauka.

Tumpale, dada yangu, wewe unayemsomea mama: soma yote kama yalivyo. Nakujua. Ukifika mahali pa kunicheka, cheka kwanza, kisha uendelee. Usiruke.

Mama, Lwitiko, yule mtoto wa mjomba anayepanga kuni melini, alinifikishia maneno yako. Alisema nafasi yangu misheni ingali ipo, na Bwana Fundi, yule Mdachi aliyenifundisha kutengeneza vigae, ataniwekea mpaka Krismasi. Nilifurahi. Kisha akaniambia jinsi nafasi hiyo ilivyopatikana. Akasema ulitoka Ngonga kwa miguu na chungu kikubwa kichwani, kile cha mdomo mpana, ukasimama mlangoni pa karakana tangu asubuhi. Bwana Fundi alipotoka ukampa chungu, ukamwambia, "Mwanangu ni mjinga, lakini ana mikono mizuri. Usimpe mtu mahali pake." Mama, nililia. Lwitiko alijifanya anaangalia meli.

Kwa hiyo jibu langu siwezi kulituma kwa mdomo tu. Meli inarudi huko kaskazini kesho kutwa, na Lwitiko ataibeba barua hii. Nakuomba uisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Kazi ile ilikuwa nzuri, siwezi kuisema vibaya. Mshahara haukukosa mwezi hata mmoja, tulikaa nyumba ya matofali, na Krismasi tulipewa nguo. Hata watu wa Ipyana, pale misheni, waliniamkia kwa heshima, mimi mtoto wa ufukweni. Lakini miaka saba nilikuwa mkono tu. Udongo alichagua Bwana Fundi, moto alipima Bwana Fundi, mimi nikakandamiza udongo ndani ya kalibu na kutoa kigae, nikakandamiza na kutoa. Ndipo akapita yule mfanyabiashara wa Kiyao, Mwinyi Saidi, akaliangalia paa la misheni mpaka kofia ikamdondoka. Ghala lake huku kusini lilikuwa limeungua mara mbili kwa sababu ya nyasi. Akauliza, "Nani awezaye kunifanyia haya kwetu?" Mdomo wangu ukajibu kabla kichwa hakijaulizwa.

Mjomba alisema nimerogwa. Wewe uliendelea kuzungushia chungu chako udongo, na ukimya ule uliniuma kuliko kelele za mjomba.

Sasa nikueleze yaliyonipata, na hapa ndipo Tumpale atakapocheka.

Tulipofika huku, Mwinyi Saidi alitupokea vizuri, akatupa nyumba na watu wa kunisaidia. Akasema, "Fundi, paa likisimama, ndugu zangu wote wenye maghala watakuja kwako. Lisiposimama, nitakupandisha meli kwa salama, lakini usinitajie tena vigae." Nikatafuta udongo. Hatua chache kutoka ziwani niliukuta mwingi, wa kijivu, laini, umelala kana kwamba unanisubiri. Nikaona watu wa huku hawana akili, utajiri uko miguuni pao nao wanaukanyaga.

Subilaga akaja na kikapu chake, akataka kuinama aushike. Mama, unajua kwetu wanawake mkienda kuchimba udongo mwanaume hapiti njia ile, hata akiwa na haraka. Tumelelewa hivyo. Basi mimi kwa akili yangu nikaona kwamba, kama shimo la vyungu ni la wanawake na mwanaume hakanyagi, shimo la vigae ni la wanaume na mwanamke asikanyage. Nikamwambia mke wangu, binti wa wafinyanzi tangu bibi yake, "Rudi nyumbani. Hii si kazi ya vyungu." Alinitazama, akachukua kikapu chake akaenda. Nami nikadhani nimeshinda.

Vigae vilitoka tanurini vyekundu, vizuri, ukivigonga vinalia. Nilijisikia mkubwa. Tukaezeka upande mmoja wa ghala, Mwinyi Saidi akachinja mbuzi, watu wakala. Siku ya nne, baada ya umande mzito, nikasikia juu ya paa sauti ndogo: tik, tik. Nikapanda ngazi. Kila kigae kilikuwa na tundu mahali fulani, na ndani ya tundu unga mweupe. Kesho yake vingine vilikuwa vimepasuka vipande viwili. Mwinyi Saidi alisimama chini ameshika kiuno.

"Fundi," akasema, "paa langu limeugua ndui."

Watu walicheka, nami nikacheka nao ili nisilie. Niliingia ndani nikaanza kufunga mizigo. Nilikuwa nimekwisha amua, mama. Nilijiona tayari mlangoni pa karakana nimevua kofia, Bwana Fundi akinionyesha kalibu yangu ya zamani, na moyo ukatulia kwa namna ya aibu. Ningekuwa na mshahara, na hakuna paa ambalo lingepasuka kwa jina langu.

Subilaga aliniacha nifunge. Mchana akatoka na kikapu, akaenda mbali, nyuma ya vichuguu, kando ya kijito. Aliporudi alisimama mbele yangu na bonge la udongo kiganjani, udongo wa kahawia, mbaya kuutazama.

"Onja," akaniambia.

"Mimi si mfinyanzi."

"Ndiyo maana paa lina ndui. Onja."

"Mke wangu, watu wanatuangalia."

"Walikuangalia na jana. Onja, Asegelile."

Tumpale, hapa soma polepole.

Mama, nilipokuwa mdogo shuleni, watoto wa wakulima walikuwa wakiniimbia kwamba mama yangu anakula udongo. Walikuona siku moja njiani, umechukua kidogo kwa kidole ukaweka ulimini. Niliona haya. Siku ile ulikuja kuniletea ndizi, nami nikajificha nyuma ya darasa mpaka ukaondoka. Uliambiwa nimetumwa. Sikutumwa. Nimekaa na neno hili miaka yote hii, na sikutaka kulisema kwa mdomo kwa sababu ungenisamehe upesi mno.

Basi nikaonja. Mwanzo sikusikia kitu, ni udongo tu. Subilaga akanipa na ule wangu wa ufukweni, akasema niusage kwa meno. Mama, ulikuwa umejaa vijipande vya makombe ya konokono, vidogo mno jicho lisivione, lakini jino likaviona mara moja. Ukiviunguza vinakuwa chokaa, chokaa ikinywa umande inavimba, na kigae kinapasuka. Ule wa kijito ulikuwa laini mpaka mwisho, unateleza kama uji.

Ndipo nikaelewa kwa nini ninyi wanawake mnaupita udongo wote wa ufukweni mnakwenda kuchimba kule juu. Mimi nilidhani mnapenda mazungumzo ya njiani. Nimekua katikati ya udongo, nimefanya kazi ya udongo miaka saba kwa Wazungu, na jambo la kwanza kabisa sikulijua, kwa sababu mwanaume hapiti njia ile.

Nilimwuliza Subilaga kwa nini hakuniambia mapema. Akajibu, "Ulinifukuza shimoni. Nami nina haya zangu." Nikamwomba radhi mbele ya wasaidizi wote. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayechagua udongo, mimi nashughulika na kalibu na moto, na atakayesema mke wa fundi anakula udongo nitampa naye aonje.

Nilikwenda kwa Mwinyi Saidi nikamwomba anivumilie tanuri moja tu. Akasema, "Mwenye kukimbia hangerudi kuniomba. Haya, choma." Tukachoma. Tulipofungua tanuri nilivimwagia vigae maji, nikavianika, nikavimwagia tena, nikangoja siku nane huku usingizi haunijii. Havikusema tik. Tukaezeka ghala zima. Wiki mbili zilizopita mvua ya kwanza ilipiga kama imetukusudia sisi, na mimi nikakaa ndani ya ghala juu ya gunia, natazama juu. Hakuna tone lililoingia. Mwinyi Saidi alikuja amelowa, akakaa gunia la pili, tukatazama pamoja. Mwisho akasema binamu yake naye ana ghala. Na nyuma ya binamu kuna mwingine, amekwisha kuja mara mbili kuulizia.

Maisha yetu hayajawa mepesi. Mbu wa huku hawana huruma, watu hawajui ndizi za kupika, na Jumapili tunasali wawili tu sebuleni, nyimbo zetu Subilaga anazianzisha juu mno. Lakini ana kazi yake pia. Amefinyanga vyungu kwa namna yenu, na wanawake wa huku wanakuja kuvibadilisha kama kwetu: chungu kwa mahindi yanayokijaza. Anaomba umtumie jiwe lako moja la kusugulia, lile dogo jeusi, kama unaweza kuachana nalo. Jioni tunakaa nje, mimi nimechoka mikono, yeye amechoka ulimi, na tuna furaha. Nasema kweli, mama, tuna furaha.

Basi, jibu. Najua nafasi ile umeisimamia juani. Najua tanuri lingine linaweza kuharibika, na huku hakuna Bwana Fundi wa kulipa hasara. Mimi moyo wangu unataka kubaki. Lakini sitakitupa chungu chako kikubwa kwa maneno matupu. Ndiyo maana Lwitiko anakuja na kitambaa hiki. Ndani yake kuna bonge la udongo wa kijitoni, nimelikausha vizuri.

Kabla ya hapo, nisalimie watu. Mjomba, mwambie sijarogwa, au kama nimerogwa basi uchawi wenyewe ni mzuri. Shangazi wa Bujonde, aache kuniombea nirudi, aniombee kuni kavu. Mwalimu wetu wa zamani, mwambie herufi zake bado zinasomeka. Na wewe Tumpale, ndaga fijo, asante sana, kwa sauti yako. Sasa mpe mama kitambaa na unyamaze.

Mama, kifungue. Chukua kidogo kwa kidole, weka ulimini, usage kwa meno yako. Ukiutema, mwambie Lwitiko, nami nitapanda meli inayofuata na kurudi kwenye kalibu yangu, sitanung'unika. Usipoutema, nenda kwa Bwana Fundi, umwambie mahali pangu ampe mtu mwingine. Na ukifika, mama, pita mbele ya shule ile niliyosoma, mchana watoto wakiwa nje, udongo wangu ukiwa bado mdomoni mwako.

Ni mimi, mwanao wa ufukweni,
Asegelile