Shabani Kapiga Picha Vitufe Vyangu

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, Bagamoyo imelowa kama taulo la gesti, na mimi nina mashaka na mtu.

Mtu mwenyewe ni Shabani, rafiki yangu mwenye studio kule Msata. Wiki iliyopita alikuja kunitembelea, akakaa nyuma yangu nikirekodi, akapiga picha kila kitufe cha mitambo ya studio yangu. "Ukumbusho tu, kaka." Ukumbusho! Mimi nimefika Mombasa, nimefika Maskati. Mpiga picha wa ukumbusho hujipiga na yeye mwenyewe.

Leo nimemjua. Kanipigia simu, na nyuma yake namsikia Bi Mwanaidi, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Fukayosi.

Kikundi changu!

"Kaka, nimeweka kila kitu kama kwako, lakini ngoma zinalia kama debe."

"Debe lina nafuu!" Bi Mwanaidi akadakia. "Ndoo hiyo! Mjukuu wangu anaolewa Ijumaa, rekodi ya kuchezea ndiyo hii, tucheze ndoo mbele ya wakwe?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini masikio yangu yana digrii, na digrii haipigwi picha.

Tatizo nililijua hapo hapo. Ngoma walizipasha moto walipofika, kisha Shabani kazifungia kwenye chumba cha kiyoyozi, ngozi zikapoa zikalegea. Kwangu zikianza kulegea nasimamisha kazi, tunatoka uani kuzipasha tena kwa moto wa makuti. Shabani alikuwepo. Alidhani natoka kuvuta sigara.

Nikanyamaza. Nikinyamaza, kikundi kinarudi kwangu.

Lakini bibi wa watu na ndoo yake, mbele ya wakwe... Nikashindwa. Nikasema: zima kiyoyozi, zirudishe motoni, na kila zikilegea, tena.

"Kila baada ya dakika ngapi?"

"Utasikia."

"Nitasikia nini?"

Nikafungua mdomo. Mimi, ninayeweza kumuuzia Mmanga tende, nikakosa neno.

"Unanificha, kaka," akasema, akakata simu.

Yaani mwizi ndiye anayenishuku mimi! Na wallahi sikumficha. Mkono wangu husimamisha kazi kabla kichwa hakijajua.

Kesho nakwenda Msata mwenyewe, harusi ya watu isiharibike. Simu yake ataiweka mezani, kifudifudi. Na safari hii nitajichunguza na mimi: mkono ukisimamisha, utakuwa umesikia nini?