Gesi Imefungwa, Mama Hahami

2 Machi

Mama mpendwa,
Shikamoo. Huku sote wazima, mjukuu wako mdogo kang'oka jino anajitazama kwenye kioo kutwa. Goti lako vipi?

Barua ya manispaa uliyonitumia nimeisoma. Kila mwenye jengo alete mkaguzi mwenye leseni, apime mabomba ya gesi kwenye korido zote na chumba cha mita. Akikuta pavuja, anafunga gesi ya jengo zima mpaka patengenezwe na kupimwa upya. Ghorofa tatu za wapangaji, Mama, na unazisimamia peke yako! Tukubaliane: ukishindwa ukaguzi, unauza nyumba, unakuja kukaa nasi.
Bintiyo

9 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Goti linalalamika lakini ngazi linapanda. Nimekubali, na mimi nikisema nimesema. Nyumba hii nimejenga na baba yako, Mungu amrehemu, na mabomba nayapaka rangi mwenyewe kila mwaka. Binamu yako eti anamjua mtu wa kusaini cheti bila hata kufika. Nimemwambia akome, juu kule wanalala watoto wa watu! Mkaguzi anakuja Jumanne.
Mama yako

28 Machi

Mama,
Shikamoo. Jumanne imepita na nyingine ikapita, kimya! Simu hupokei. Roho iko juu. Niandikie hata mstari mmoja.
Bintiyo

4 Aprili

Mwanangu,
Marahaba, mimi mzima, nisamehe. Nilinyamaza kwa uchungu. Nimeshindwa.

Mkaguzi, mama mmoja mpole mwenye mabuti, alipitisha kipimo chake cha gesi korido ya chini, hakikulia. Ghorofa ya pili, kimya. Ya tatu, mlangoni kwa fundi cherehani, kikalia. Akapaka sabuni kwenye kiungo, mapovu hayo! Kumbe rangi yangu yote ile ilikuwa inafunika kutu. Akafunga gesi, majiko ya nyumba nzima yakazima.

Nikajua wapangaji watanihama. Wapi! Fundi cherehani kashuka na jiko lake la umeme, walimu wa ghorofa ya pili wakaleta sufuria, tunapika uani kwa zamu na maneno mengi kuliko maharagwe. Fundi kaniambia, "Mama, tulikuwa tunalala na kifo mlangoni, wewe ndiye uliyemleta wa kukitoa. Nihame niende wapi?" Nililia, mwanangu, kwa furaha.

Lakini ahadi ni deni. Fundi bomba anamaliza wiki hii. Tafuta mnunuzi.
Mama yako

12 Aprili

Mama,
Shikamoo. Barua yako imeniliza mpaka mume wangu akadhani kuna msiba.

Mnunuzi nimempata. Anataka nyumba pamoja na wapangaji wake wote, na sharti lake ni moja: meneja uwe wewe, tena ukae humo humo. Mnunuzi mwenyewe ni mimi. Bei tutaelewana, ila usinilalie!
Bintiyo

19 Aprili

Mwenye nyumba wangu mpya,
Marahaba. Nimecheka peke yangu mpaka wapangaji wa chini wakaja kuuliza kulikoni. Nimekubali, na nina raha isiyo kifani.

Sasa msikilize meneja wako. Mkaguzi anarudi Jumamosi ya wiki ijayo kupima upya, halafu gesi ifunguliwe. Kanuni inasema lazima awepo mwenye jengo au meneja wake. Siku nyingi hujakanyaga hapa. Na meneja siku hiyo ana udhuru: asubuhi anakwenda stendi kukupokea wewe na wajukuu zake.
Meneja wako,
Mama