Beringi ya Kulia

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, chumba cha upelelezi

Shahidi: Mama Spea, ndivyo anavyojulikana. Umri: miaka 47. Kazi: muuza spea na mpokea wateja katika gereji ya mumewe. Makazi: nyumba iliyoungana na gereji hiyo, kwa nyuma.

Ninaeleza kwa hiari yangu. Jana mume wangu alikuja hapa akasema kazi yake ilikuwa safi. Hakusema uongo, afande. Anaamini hivyo. Anayejua kwamba sivyo ni mimi peke yangu, na nimeshindwa kulala nalo.

Mume wangu ni fundi magari. Wateja wanamwita Sikio, kwa sababu gari likipita tu mbele yake anakwambia linaumwa wapi. Jina hilo ndilo linalotulisha. Lakini sikio lake la kushoto lilikufa miaka mitatu iliyopita, kwa kelele za nyundo na grainda. Tulificha. Gari likiletwa na mlio tunakwenda wote kulijaribu, yeye anaendesha, mimi ninakaa nyuma kama mke aliyeomba lifti ya sokoni. Mlio ukitoka kulia ninamgusa bega la kulia, ukitoka kushoto la kushoto. Hakuna mteja aliyewahi kutushtukia.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, alifika gereji daktari wa meno, mteja wetu wa siku nyingi. Alikuwa na gari lake la spoti la kijivu, lile analolifuta kwa kitambaa cha miwani. Alisema linavuma sehemu za mbele, na kadiri anavyoongeza mwendo ndivyo mvumo unavyozidi. Kabla hajamaliza nilijua ni beringi ya tairi. Mume wangu aliniangalia, nikaanza kuvua aproni. Ndipo tukaona kwamba gari lile lina viti viwili tu, na daktari ameshakaa kwenye kimoja.

"Twende, Sikio," daktari alisema. "Shemeji atatulindia duka."

Niseme na hili. Asubuhi ile tulikuwa tumegombana. Nilimwambia aende akapimwe masikio, akanijibu, "Mimi si babu wa kupigiwa kelele." Kwa hiyo alipoingia kwenye gari bila mimi, sikusikitika sana. Moyoni nilisema, haya, baba, tuone.

Walirudi baada ya muda mfupi. Mume wangu alishuka akasema, "Mbele kulia," bila kusita, na daktari akacheka kwa furaha akisema huyu si fundi, huyu ni mganga. Mtu mwenye sikio moja, afande, kila sauti huiona inatoka upande wa sikio hilo. Yeye mwenyewe halijui hilo. Mimi nimelijua kwa kukaa nyuma yake.

Kwa kawaida huinua gari pande zote mbili, akazungusha kila tairi kwa mkono, akaweka bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake sikioni. Hapo hata sikio moja linatosha. Siku ile aliinua upande wa kulia tu. Daktari alikuwa na haraka, na sifa zilishamlevya. Alifungua tairi, akatoa breki na diski, akafungua nati kubwa ya katikati, akatoa beringi ya zamani na kufunga mpya niliyompa mimi kutoka rafuni. Spea ile ni halisi, na aliifunga vizuri. Nati aliikaza kwa spana ya kipimo. Katika hilo hana kosa.

Beringi ya gari lile hutoka ikiwa kipande kimoja. Aliiweka kwenye kaunta yangu. Niliizungusha kwa vidole, kwa mazoea tu. Beringi iliyokwisha hukwaruza kama wali wenye mchanga. Hii ilizunguka kimya. Niliizungusha tena. Nikajua kwamba mbovu bado iko kwenye gari, upande wa kushoto.

Daktari alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu akimtania mume wangu, na mume wangu alikuwa anacheka kama zamani. Tuna makubaliano kwamba simkosoi mbele ya mteja. Ningeweza kusema makubaliano hayo ndiyo yaliyonifunga mdomo, lakini nitakuwa nautia ukweli maji. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka gari lirudi kesho yake likivuma vilevile, ili aaibike kidogo na akubali kwenda kupimwa. Nilidhani ile mbovu ya kushoto ingehimili hadi kesho. Daktari alisema atalijaribu mwenyewe njiani, akaondoka. Ile nzima ya kulia niliitia kwenye mkoba wangu.

Jioni hiyohiyo, kwenye mteremko wa hospitali, tairi la mbele kushoto lilichomoka. Gari lilimgonga muuza mikate aliyekuwa anasukuma baiskeli yake. Nimekwenda kumwona wodini. Amevunjika mguu na nyonga. Aliniuliza mimi ni nani, nikasema mpita njia.

Jana nilimletea mume wangu chakula alipokuwa akihojiwa hapa, nikamkuta daktari pale kaunta. Mnamshtaki kwa mwendo kasi, kwamba ndio uliochomoa tairi. Siku ya ajali aliapa kwamba alikuwa anakwenda taratibu. Jana aliniambia, "Shemeji, Sikio hakosei. Labda kweli nilikimbia." Mtu mzima ameanza kujisingizia ili asimvunjie heshima mume wangu. Hapo nilijichukia.

Halafu afande wa trafiki ameandika kwamba mume wangu ana kiburi, hakujibu alipoulizwa. Hakusikia. Afande alisimama upande wake wa kushoto.

Ikagueni beringi ya kushoto mtaona wenyewe. Hii hapa beringi ya kulia, ninaikabidhi. Mume wangu yuko kwenye benchi nje, sikio la kushoto likielekea huku. Mlango uko wazi na nimesema yote haya kwa sauti yangu ya kawaida, na hajageuka hata mara moja. Ninaomba asomewe. Mimi sitaweza kumwambia nikimtazama usoni.

Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika haya mwenyewe na kumsomea shahidi, akakubali kuwa ndiyo aliyosema. Kwa ombi lake nilitoka nje nikamsomea mumewe, nikiwa nimekaa upande wake wa kulia. Alisikiliza hadi mwisho. Aliomba aione beringi, nikampa. Aliizungusha kwenye sikio la kulia. Kisha akaihamishia kushoto, akaizungusha tena, akamwambia mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni, "Huku hata mbovu ni nzima." Ameomba kutoa maelezo upya.